Vumbi ndani ya kamera: mtikiso, blowa, kijiti cha kunata, swabu au fundi?

Picha imetoka safi: jahazi limetweka tanga mbele ya ufukwe wa Bagamoyo, maji yametulia, anga bado jeupe la asubuhi. Halafu pembeni ya mlingoti kuna doa la kijivu, la mviringo, kama mtu amegusa karatasi kwa kidole chenye majivu. Picha ya pili, doa lipo palepale. Ya kumi, palepale. Hilo ni vumbi lililokaa juu ya sensa. (Sensa hii si ile ya watu na makazi, ni kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Wapiga picha wengi hawana neno jingine, nasi twende nalo.)

Njia za kuliondoa zipo tano, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba ndiyo pekee. Hapa tunaziweka sambamba, kwa sababu uchafu wa pwani si wa aina moja. Kuna mchanga wa ufukweni na chumvi ya upepo wa bahari. Kuna vumbi linalopanda wachezaji wa ngoma wakikanyaga ardhi kavu, na moshi wa mafuta pale soko la samaki wanakokaanga. Kinachotoa mchanga hakitoi mafuta, na kinachotoa mafuta kikiburuza mchanga kinakuachia mkwaruzo wa maisha.

Kwanza hakikisha lipo kwenye sensa

Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuinuka nyuma ya lenzi, uchafu unaouona ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia hauingii kwenye picha. Umekaa kwenye kioo hicho au kwenye skrini ya fokasi iliyo juu yake, na skrini hiyo ni plastiki laini inayochubuka hata kwa kitambaa cha miwani. Iache kama ilivyo. Kamera nyingi zimeharibiwa na mwenye nayo akifuta kitu ambacho hakikuwa na madhara yoyote.

Kipimo ni hiki. Weka hali ya A au Av (ile unayochagua mwenyewe tundu la lenzi), ISO 100, f/16 (tundu dogo). Fokasi iwe ya mkono, na uivuruge makusudi. Elekeza kwenye karatasi nyeupe au ukuta mweupe, piga huku ukiisogeza kamera taratibu. Alama za ukuta zitajifuta zenyewe, za sensa zitabaki. Fungua picha kwenye kompyuta, ongeza kontrasti, kagua kwa asilimia 100.

Kwa nini f/16? Kwa sababu vumbi halikai juu ya sensa yenyewe bali juu ya kioo cha kichujio kilicho mbele yake kidogo. Tundu la lenzi likiwa pana, mwanga huja kutoka pembe nyingi na kivuli cha punje hufifia. Likiwa dogo, mwanga huja kama kutoka sehemu moja na kivuli hukolea. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anayeishi kwenye f/2.8 anaweza kumaliza mwaka bila kujua ana madoa, halafu siku moja akapiga picha ya magofu ya Kaole kwa f/16 akadhani kamera imeugua usiku huo.

Jambo moja linalopoteza muda wa wengi: doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele, kamera ikiwa imesimama wima. Juu na chini hubadilishana, kushoto na kulia havibadiliki.

Na kama doa linaonekana kwenye f/22 tu, na wewe hufiki huko, kulifuta kwenye programu ya kuhariri ni jibu halali kabisa. Hakuna aibu.

Vigezo tulivyotumia

Tumeziuliza njia zote maswali yaleyale: inatoa uchafu gani, inafanywaje, inaharibu wapi, na inamfaa nani. Gharama tumeigusa kwa kulinganisha tu, maana bei hubadilika kila mzigo mpya unapoingia.

Mahali pa kufanyia ni pamoja kwa njia zote. Chagua chumba chenye sakafu ya saruji au vigae, piga deki, acha sakafu ikauke na vumbi litulie. Zima feni, hili ndilo watu hukataa kwa sababu ya joto, na ndilo linalorudisha vumbi. Funga dirisha la upande wa bahari, hasa mchana upepo ukiwa umeamka. Usivae sweta wala kuweka kanga mpya mezani, zinatoa nyuzi. Betri iwe imejaa kabisa. Kwenye kamera ya DSLR, kioo huinuliwa na kushikiliwa kwa umeme wa betri. Betri ikizimika katikati ya kazi, kioo na shata (pazia lililo mbele ya sensa) vinashuka juu ya kile ulichoingiza. Tumia menyu ya kusafisha sensa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kamwe usitumie hali ya B, ile inayoacha shata wazi kwa muda tu unaobonyeza kitufe.

1. Mtikiso wa kamera yenyewe

Inatoa nini: punje kavu, nyepesi, zilizoingia karibuni. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta mbinu hii ya kutikisa kichujio kwa kasi ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, na leo kamera nyingi za kubadili lenzi zinayo.

Inavyofanywa: iweke kamera mezani kwa kitako chake, kama inavyosimama, kisha chagua kwenye menyu kusafisha sasa. Kitako chini si pambo: kwenye kamera nyingi vumbi linalodondoka hunaswa na utepe unaonata chini ya sensa, na ukiwa umeilaza kamera vumbi linadondokea pengine. Rudia mara 3 au 4. Ikibidi, izime na kuiwasha kati ya mara na mara.

Inaharibu wapi: popote pale, haiharibu. Ila haina nguvu kwa kitu kilichonata, na unyevu wa pwani hunatisha vumbi haraka. Punje iliyoingia Januari ikasubiri hadi masika haitikisiki tena.

Inamfaa nani: kila mtu, kila siku, kabla ya kazi. Weka ijiendeshe yenyewe kamera ikizimwa.

2. Blowa ya mpira (kibofu unachokiminya kitoe hewa)

Inatoa nini: mchanga, chembe za chumvi kavu, nyuzi, vumbi la ngoma. Kwa Bagamoyo hii ndiyo njia ya lazima. Wengine wataiita hatua ya kwanza ya njia nyingine, na hawakosei.

Inavyofanywa: pata blowa yenye vali nyuma, inayovuta hewa kutoka mkiani badala ya kuirudisha kupitia mdomo uleule uliokuwa unapuliza vumbi. Ipulize hewani mara 5 kwanza, ikohoe kilichomo. Ikaribishe kwenye shavu lako: ukihisi punje, usiitumie. Toa lenzi, inua kioo kwa menyu kama ni DSLR, geuza kamera mdomo uangalie chini ili kinachotoka kidondoke. Mdomo wa blowa ubaki nje ya pete ya chuma ya lenzi, usiingie ndani. Puliza mara 8 hadi 10 kwa nguvu ya wastani, ukibadili pembe. Kabla hujarudisha lenzi, puliza kitako chake na kifuniko cha kamera pia. Kifuniko ndicho hifadhi ya vumbi inayosahaulika: kinakaa mfukoni mwa suruali, kinakusanya nyuzi, kisha kinafungwa juu ya sensa usiku kucha.

Inaharibu wapi: blowa za bei ya chini huja na brashi kichwani, ing'oe. Nyingine ncha yake haishiki sawasawa na huruka kama risasi ukiminya. Ivute kwa nguvu kabla ya kuiamini. Kwenye kamera zisizo na kioo, ambazo wengi huziita mirolesi, baadhi hufunga shata zikizimwa. Usipulize juu ya shata iliyofungwa, vibamba vyake ni vyembamba na hujikunja. Na ihifadhi blowa kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, maana ikikaa tupu kwenye begi lenye mchanga wa ufukweni, itaunyonya na kuurushia sensa siku nyingine.

Badala zake zote ni balaa. Kupuliza kwa mdomo ni kutema mate, na mate yakikauka ni doa linalohitaji dawa. Hewa ya kopo inaweza kutoka na kimiminika baridi kinachoacha utando. Kompresa ya gereji inapuliza maji na oili pamoja na hewa, kwa nguvu ya kujaza tairi la lori.

Inamfaa nani: mwenye kamera yeyote. Ukinunua kifaa kimoja tu, kiwe hiki.

3. Kijiti cha kunata

Hiki ni kijiti chenye kichwa cha jeli laini inayonata, kinachonyanyua punje moja moja.

Inatoa nini: vumbi kavu ambalo blowa imelishindwa, hasa punje 2 au 3 ambazo unajua ziliko. Haitoi mafuta wala alama ya tone lililokauka.

Inavyofanywa: puliza blowa kwanza. Gusisha kichwa kwenye karatasi inayonata iliyokuja nacho, ili kiwe safi. Kishushe wima juu ya kioo cha kichujio cha sensa, kiguse, kinyanyue wima. Usikiburuze hata milimita. Rudi kwenye karatasi, kibandike tena, endelea na eneo linalofuata. Sensa ya fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, hivyo kwa mgusano mdogo mdogo unaimaliza kwa miguso michache na karatasi kila baada ya mguso.

Inaharibu wapi: kwenye mafuta. Kichwa kikigusa doa la mafuta, kila mguso unaofuata unapiga muhuri wa mafuta mahali papya, na sensa iliyokuwa na doa moja inakuwa na kumi na mbili yanayofanana. Jambo la pili ni utando wa kichujio: haufanani kwa kila mtengenezaji, na kuna vijiti vilivyotengenezwa mahususi kwa kamera za Sony. Soma kasha kabla ya kulipa. Tatu, kwenye kamera zenye sensa inayoelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko, unaponyanyua unaivuta sensa yenyewe. Nyanyua polepole. Jeli pia haipendi joto, basi isibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Inamfaa nani: mwenye mkono uliotulia, anayepiga mandhari au bidhaa, ambaye madoa yake ni machache na makavu. Kinaoshwa na kutumika muda mrefu, hivyo gharama yake ya mwanzo hugawanyika.

4. Swabu na dawa

Swabu ni kijiti bapa chenye kitambaa laini nchani, cha kufutia sensa. Hapa ndipo woga unaanza, na kwa kiasi fulani ni woga wenye akili.

Inatoa nini: mafuta, ute wa mashine ya moshi ya jukwaani, alama za matone, chumvi iliyoyeyuka ikakauka tena. Pia mafuta ya shata yenyewe: kamera mpya huweza kurusha chembe za mafuta na plastiki katika maelfu ya kwanza ya picha. Mfano unaojulikana ni Nikon D600 ya mwaka 2012, ambayo madoa yake yalizidi hadi kampuni mwaka 2014 ikatangaza kuikagua, kuisafisha na kuibadilishia shata bila malipo.

Inavyofanywa: nunua swabu ya upana unaolingana na upande mfupi wa sensa. Fremu kamili ni milimita 24, APS-C, aina ya sensa iliyo ndogo zaidi, ni milimita 16 hivi. Puliza blowa kwanza, na hili lirudie hata kama umelifanya dakika tano zilizopita: mchanga ni mgumu kuliko utando wa kichujio, na punje moja chini ya swabu ni msasa. Dondosha matone 2 ya dawa kwenye ncha, subiri sekunde chache yasambae kwenye kitambaa. Weka ncha ukingo mmoja wa sensa, laza mpini kidogo kuelekea unakokwenda, ivute hadi ukingo wa pili kwa mwendo mmoja bila kusimama. Mgandamizo uwe wa kupinda mpini kidogo tu, kama unavyofuta wino mbichi usitake usambae. Geuza upande wa pili wa swabu, rudi ulikotoka. Itupe. Piga kipimo cha f/16 tena.

Ukiona michirizi inayopinda ukingoni, dawa ilizidi. Chukua swabu mpya yenye tone 1. Ukihisi swabu inagoma na kuruka ruka, dawa ni kidogo, simama, usilazimishe. Ukiona doa jipya pembeni ambalo halikuwapo, uligusa fremu inayoizunguka sensa, ambako kuna uchafu na wakati mwingine grisi, ukauleta ndani. Mara 2 au 3 za kufuta ni kawaida. Ikifika ya tano bila nafuu, acha.

Inaharibu wapi: kwenye kubana matumizi. Swabu moja ni kamera moja, safari moja. Pamba ya masikioni huacha nyuzi, na gundi ya kijiti chake huyeyuka kwenye spiriti. Kitakasa mikono mara nyingi kina gliserini. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ina maji au vitu vingine vinavyobaki kioo kikikauka. Baadhi ya dawa za sensa ni methanoli au jamii yake: zinashika moto na ni sumu, basi ziwe mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi kidogo.

Inamfaa nani: anayepiga picha kwa riziki, mwenye kamera ya pili ya kutegemea mambo yakiharibika, au aliyejizoeza kwanza kwenye kamera kuukuu. Si kazi ya usiku wa kuamkia harusi.

5. Fundi

Inatoa nini: yote yaliyotajwa, pamoja na vumbi lililoingia kati ya kichujio na sensa, ambalo njia nne za kwanza haziligusi. Dalili yake: doa lisilosogea wala kupungua baada ya blowa na swabu mbili safi.

Inavyofanywa: kutoka Bagamoyo, kwa kazi ya kufungua kamera utaelekea Dar es Salaam, kilomita 70 hivi. Kabla hujaiacha, uliza mambo matatu. Anatumia swabu mpya kwa kila kamera? Atakupigia picha ya kipimo kabla na baada, ukiwepo? Akiiharibu, makubaliano ni yapi? Fundi mzuri hachukii maswali haya. Anayesema "kaka, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi" badala ya kujibu, mshukuru uondoke.

Inaharibu wapi: kwenye muda, na wakati mwingine kwenye mikono. Wapo wanaotumia blowa ya umeme ya kupulizia kompyuta. Na ukirudi na kamera safi kwenye daladala lenye madirisha wazi, iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya begi.

Inamfaa nani: mwenye kamera ya dhamana (kuifungua mwenyewe kunaweza kuiua dhamana), mwenye mikono inayotetemeka, na yeyote mwenye doa lililokataa kila kitu.

Uchague kwa hali yako

Umetoka ufukweni kupiga picha za maharusi, upepo wa kaskazi ulikuwa mkali na ulibadili lenzi mara kadhaa: mtikiso, kisha blowa, usiku huohuo kabla unyevu haujashikisha chumvi. Swabu usiiguse leo.

Umepiga ngoma siku tatu mfululizo kwenye tamasha: blowa kila jioni. Jukwaa likiwa na mashine ya moshi, tegemea swabu mwishoni, siyo kila siku.

Unapiga nyumba za kale za Mji Mkongwe kwa f/11 hadi f/16, na una madoa mawili makavu unayoyajua kwa majina: kijiti cha kunata kinatosha.

Umekaa karibu na makarai ya wakaanga samaki na ukabadili lenzi palepale: kijiti usikiguse kabisa. Blowa, kisha swabu, au fundi.

Unaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, si doa: chungulia lenzi kwenye mwanga wa tochi. Inawezekana ni kuvu, na kuvu huota ndani ya lenzi kwenye unyevu wa muda mrefu. Njia zote hapo juu hazikuhusu. Itenge lenzi hiyo na nyingine, weka zilizobaki kwenye chombo cha plastiki kinachobana pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, siyo mchele, kwa sababu mchele wenyewe una vumbi.

Una kamera moja tu na kazi kesho asubuhi: mtikiso na blowa, halafu kinachobaki ukifute kwenye kompyuta.

Na kama wimbi limeingia ndani ya kamera, usiiwashe kufanya kipimo. Toa betri na kadi, funika mdomo, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.